Mama Mwaisha Wawili na Bati la Nchi Mbili

Shinyanga, 11 Februari 1934

Kwako mdogo wangu Tabu binti Fikirini, uliye Ankole kwenye kilima kinachochimbwa madini ya bati.

Marahaba, na marahaba tena, maana shikamoo zako zilikuja mbili: moja kwenye karatasi, nyingine kwa kinywa cha Mageni, yule baharia wa meli ya ziwani aliyeleta kifurushi chako kutoka Bukoba. Sisi ni wazima. Idd tumekula vizuri. Mvua ya mwaka huu inababaisha, inanyesha kwa jirani inaruka kwetu, lakini mtama umesimama. Mwaisha hajambo. Ameng'oka jino la pembeni, na sasa akicheka anaziba mdomo kwa kiganja kama bibi harusi.

Kitambaa cha hariri nimekipokea. Picha nayo nimeipokea. Lo, Tabu! Viatu vya kisigino! Na mumeo Akida ameketi kitini kashika mizani utadhani ni yeye aliyeiumba. Picha hiyo imezunguka mtaa mzima kabla mimi mwenyewe sijaitazama vizuri. Tangu siku hiyo wanawake wa hapa hawana neno jingine. "Mama Mwaisha, mdogo wako amepata! Mama Mwaisha, wenzetu Uganda wana bati, sisi tuna nini?" Mtu anakuja kuazima chungu, anaulizia bati. Nimejibu mpaka taya zimeniuma.

Basi na wewe nikuambie, usije ukadhani Mungu aligawa ardhi akamalizia yote Uganda. Bati liko Tanganyika pia. Liko Karagwe, upande wa huku wa mto Kagera, na nasikia ukipanda vilima vyenu unaviona vya kwetu kwa macho. Tena kuna zaidi. Mume wangu Zamoyoni ana kijito kule Bugarama, anaosha mchanga pamoja na Makoye, Msukuma wa huko huko, kwa ruhusa ya Mzungu mwenye leseni. Wanatafuta dhahabu. Wanapata vumbi la njano kidogo kidogo, la kutiwa ndani ya unyoya wa kuku. Lakini safari hii alirudi nyumbani na karai lake halijasuguliwa, nikaona chini mchanga mweusi, mzito, haukubali kwenda na maji. Nikakumbuka ulivyoniandikia mwaka jana jinsi bati linavyokuwa, jeusi, zito, linabaki chini wakati mchanga mwingine umeshakwenda zake. Nikamwambia Zamoyoni, "Baba, mnachomwaga kule si takataka. Ni bati." Akacheka. Mimi sikucheka.

Lile neno ulilotia mwisho wa barua yako, kama Mwaisha ameshakua wa kupanda treni na meli, sikulielewa. Labda wino ulikuwa mbaya.

Dada yako,
Mama Mwaisha

*

Ankole, 30 Machi 1934

Dada Mwasiti, shikamoo.

Barua yako ilinikuta na homa, sasa nimeshaacha kitanda. Idd ya kuchinja tumeisali hapa kambini, Waislamu wachache tu, tukachanga mbuzi mmoja na kila nyumba ikapata mchuzi. Akida anakuamkia sana. Chakula kipo, ndizi, ndizi, na tena ndizi. Ugali wa mtama nauota usingizini. Nimeambiwa hata wimbi hupatikana Mbarara, ila nani aende Mbarara kwa ajili ya tumbo?

Nashukuru picha imekupendeza, ingawa maneno yako umeyakamulia ndimu. Viatu vinabana, basi.

Sasa habari ya bati. Hukuniuliza, ila nakujibu. Bati la Karagwe nalijua. Linavushwa Kagera kwa mtumbwi, linatiwa kwenye lori, na magunia mengine yanapita kwenye mizani hii hii ya Akida. Anapima la huku na la huko. Anasema ukilishika mkononi huwezi kujua lipi ni lipi, mwamba ni ule ule, mto umekatiza katikati tu. Na bei inapangwa Ulaya, na Ulaya hawaulizi bati hili limezaliwa kwa nani. Lakini dada, toa nauli, hapo ndipo utakapoona. La kwetu linashuka kilima, linaingia barabarani, linakwenda zake Kampala kwenye reli. La kwenu mtumbwi unakula, lori linakula, wapagazi wanakula, na mvua ikikata njia linakaa gunia likimngoja nani sijui. Mpaka lifike pwani, mwenye gunia la Uganda amebaki na cha kushika mkononi, na mwenye gunia la Tanganyika amebaki na hadithi. Ndiyo maana sisi tunaleta picha na nyie mnaleta maneno. Usikasirike, umeanza wewe.

Na wino wangu haukuwa mbaya. Naandika tena, kwa herufi nene: namtaka Mwaisha aje.

Nilipokuachia alikuwa ndiyo kwanza ameacha ziwa. Mimi mgonjwa, wewe huna mtoto, safari ya Uganda imefika, wazee wakakaa wakasema Mwasiti amlee. Walisema amlee, dada. Yule wa pili unajua nilimzika huku, na baada yake sikupata. Watu wa kambi wananiita Mama Mwaisha, ndiyo, na mimi pia. Kisha wananiuliza, Mwaisha mwenyewe yuko wapi? Nasema yuko kwa dada yangu. Wanatikisa kichwa, wanaondoka. Hapa kuna mwalimu wa Kiislamu anayefundisha hata wasichana kusoma na kuandika. Kilima kinatuweka vizuri. Kijito chenu cha unyoya wa kuku kitamweka mtoto vipi?

Mdogo wako,
Tabu

*

Shinyanga, 13 Mei 1934

Tabu, marahaba.

Tuko salama. Nzige walipita wakala mahindi ya watu wa Old Shinyanga, kwetu Mungu akawapitisha juu juu. Pamba inakaribia kuchumwa, na mji umeanza kujaa wanunuzi na malori. Mwaisha amejua kusuka ukili, mkono wake mwepesi kuliko wangu. Sura ya Yasini anaisoma nusu bila kutazama.

Kijito cha unyoya wa kuku. Haya, asante. Nimelimeza hilo neno, lakini limekaa hapa kooni tangu Aprili na halishuki.

Nimeisoma barua yako kwa makini, kuliko ulivyotaka nisome. Umesema mwenyewe kwamba bati la Uganda na la Tanganyika ni moja, na bei ni moja, kinacholiua la kwetu ni njia. Vizuri sana. Sasa sikiliza. Kutoka Bugarama malori ya pamba yanakuja Shinyanga. Na Shinyanga reli iko mlangoni mwangu, filimbi naisikia nikiwa jikoni, na behewa likitoka hapa halijui mtumbwi wala Kagera, linakwenda moja kwa moja mpaka Dar es Salaam. Kwa hiyo bati likitoka Bugarama litalipita la Karagwe, na la Ankole litaliacha likihema. Sikusema mimi. Umesema wewe.

Basi nilifunga safari nikaenda Bugarama mwenyewe, maana Zamoyoni ukimwacha peke yake ataona haya kudai hata kivuli chake. Nilimkuta Makoye kijitoni, miguu majini, na mkewe Mbuke ukingoni anakausha vumbi la njano juu ya kigae. "Mwangaluka, mayu," Mbuke akaniamkia kwa Kisukuma, akaniletea kigoda. Watu wema, siwezi kusema uongo. Nikamwambia Makoye, "Tangu leo tusigawane nusu kwa nusu. Wewe chukua cha njano chote. Sisi tuachie cheusi chote."

Makoye akamtazama Zamoyoni. Zamoyoni akatazama maji.

"Mama Mwaisha," Makoye akasema, "cheusi huwa tunamwaga."

"Msimwage. Ni chetu."

"Na cha njano kikiwa kingi?"

"Kikiwa kingi ni chenu."

Akasema basi twende kwa ng'wanangwa, mkuu wa kijiji chao, tuseme maneno hayo mbele yake, tusije tukalaumiana kesho. Tukaenda. Nikasema mara moja, Makoye akasema mara moja, ng'wanangwa akasema amesikia, na kwao neno likishasemwa hapo hakuna wa kulitangua. Zamoyoni njiani hakunisemesha. Atanisemesha likianza kuuzwa.

Nakuletea mchanga wenyewe kwa mkono wa Mageni, nimeufunga kwenye kipande cha ile hariri yako ili ujue unatoka kwa nani. Akida aupime kwa mizani yake ya picha. Na tuwekeane ahadi, Tabu, mimi na wewe, kwa jina la baba yetu Fikirini. Bati letu likiwa kama lenu, au likilishinda, habari ya Mwaisha kuja huko usiitaje tena maishani mwako. Likiwa si kitu, nitamfunga mizigo mimi mwenyewe.

Najua nimesema neno kubwa. Nimelisema kwa kuwa nina hakika.

Dada yako,
Mama Mwaisha

*

Ankole, 8 Julai 1934

Dada, shikamoo.

Mageni alifika salama na mzigo pia ulifika. Akida ana kazi nyingi, Wazungu wamekuja kukagua, hajapata nafasi ya kuutazama vizuri. Akipata nitakuandikia.

Huku baridi, hasa asubuhi. Je, Mwaisha bado anakohoa kipindi cha vumbi? Alipokuwa mdogo nilikuwa nampaka mafuta ya ufuta kifuani nikiyapasha moto kidogo. Labda wewe una dawa nyingine.

Hariri haikuwa na haja ya kukatwa.

Mdogo wako,
Tabu

*

Shinyanga, 23 Septemba 1934

Kwa Tabu.

Umesema shikamoo, nimeitikia, hujambo, sijambo, salamu zimekwisha. Maana mimi nangoja jambo moja tu na wewe unaniandikia mafuta ya ufuta. Ndiyo, anapakwa mafuta ya ufuta. Nani alikufundisha wewe kupaka mafuta ya ufuta kama si mimi?

Nimengoja nusu ya Julai, Agosti nzima, na sasa Septemba inakwenda. Kila treni ikitoka Mwanza natuma mtu posta. Eti Akida hajapata nafasi! Mtu anayepima mchanga kutwa kucha akose nafasi ya kupima konzi moja ya mchanga wa shemeji yake? Hebu tuheshimiane. Mimi najua kimya cha nani ni hiki. Kimya hiki nakijua tangu utotoni, ndicho ulichokaa nacho siku nilipotiwa hina ya harusi nawe hukutiwa. Umeutazama mchanga wangu ukaona ni bati, tena bati zuri, na roho imekuuma. Kilima chenu kimepata mwenzake na reli iko upande wetu. Sema basi! Neno moja tu, "Dada, umenishinda." Nitalikata hilo kwenye karatasi nilishone kwenye mto.

Nikuambie ninavyoishi, ili ujue ninachongojea. Magunia ya bati yamejaa uvunguni, yamejaa barazani, na moja liko nyuma ya mlango, ukiingia lazima ujipinde. Kijito kimepungua maji lakini Makoye amechimba kisima, wanaosha bado. Tangu niseme lile neno, cha njano kimetoka kama kilikuwa kinanisubiri nigeuze mgongo. Makoye ana baiskeli. Mbuke amekuja mjini na bangili za fedha mikono yote miwili, akapita kunisalimu, akaniletea maziwa kwenye kibuyu kipya kwa upole wake ule ule, nami niliyanywa huku nikimchukia. Nakwambia kweli, nilimchukia. Zamoyoni anasema, "Mke wangu, mchanga hauliwi." Sasa analala Bugarama, harudi hata Ijumaa. Mwaisha ananiuliza, mama, bati letu litaondoka lini, mbona sina pa kuchezea? Namwambia mama yako wa Ankole akijibu.

Ndiyo, namwambia uko. Usidhani nakuficha. Juzi kaniuliza, "Yeye anajua naitwa nani?" Nikasema anajua, jina amekupa yeye. Akaendelea kusuka.

Lete jibu, Tabu. Hata liwe na wivu, lete.

Mama Mwaisha

*

Ankole, 4 Novemba 1934

Dada yangu Mwasiti, shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimekaa chini, kama kwa mama.

Sisi wazima wa mwili. Barua yako nimeisoma, nikaisoma tena Akida alipotoka kwenda kazini. Hukukosea kwamba kimya changu ni cha wivu. Umekosea ni wivu wa nini.

Mchanga wako Akida aliupima siku ile ile ulipofika. Pale kwenye mizani wana sumaku, kipande cha chuma kama kwato, wanaipitisha juu ya bati kabla ya kufunga gunia ili kutoa uchafu wa chuma. Bati halishikwi na sumaku, linabaki limelala. Aliifungua hariri yako juu ya meza, akapitisha ile sumaku, na mchanga wako wote ukaruka ukang'ang'ania. Haukubaki hata wa kuziba kucha. Ni chuma, dada. Kwenye vijito vya dhahabu mchanga huo uko kila mahali, na kila mtu anaumwaga. Hauna bei Uganda, hauna bei Tanganyika, na ukiupandisha treni utalipa nauli ya bure.

Sasa unauliza kwa nini sikuandika Julai. Nilishika kalamu, wallahi. Nilikuwa nimefurahi mpaka nikaona aibu, nilicheka peke yangu chumbani nikasema, Mwaisha wangu, Mwaisha wangu. Kisha nikakitazama hicho chumba. Ni kimoja. Ukuta wa pili ni wa wachimbaji, wakikohoa tunaamka. Kiti cha kwenye picha ni cha mpiga picha. Viatu ni vya mpiga picha, alitembea navyo vya kuvalisha watu, vilinibana kwa kuwa si vyangu. Mizani ni ya kampuni na kilima ni cha kampuni. Mimi niliandika "la kwetu, la kwetu" ukurasa mzima, na katika bati lote linaloshuka hapa hakuna hata punje ambayo Akida anaruhusiwa kuja nayo nyumbani ukuchani, wanampekua langoni. Bei ikipanda Ulaya sisi tunasikia tu. Nikaona mtoto akija atayaona yote haya kwa siku moja, kisha ataniuliza, mama, kilima chetu kiko wapi? Nikaiweka kalamu.

Na wivu wangu ni huu. Uliponiandikia lile jino, nilikisoma hicho kipande mpaka karatasi imechanika kwenye mkunjo. Umeandika kama mtu anayetaja mvua, maana wewe mambo hayo yalikuwa mbele yako, kesho yake ungeona mengine. Mimi sikumwona akianza kutembea, sikumwona akiumwa. Mwalimu wa huku akiita majina ya wasichana nasimama dirishani nasikiliza kama la mwanangu litaitwa. Umekuwa ukinionea wivu kwa vitu vya watu. Mimi nakuonea wivu kwa kitu changu.

Basi sidai. Yale tuliyowekeana kwa jina la baba nayafuta mimi niliyeshinda. Mwaisha akae kwako, wewe ndiye uliyekesha naye. Nimekusamehe bati na nimekusamehe maneno yote, hata la hina. Mwende kwa Makoye, mtu mwema husikia, labda atakubali mrudi kwenye nusu kwa nusu. Niandikie tu habari zake, ndogo ndogo, kama ile ya jino.

Mdogo wako,
Tabu

*

Shinyanga, 20 Januari 1935

Kwa Mama Mwaisha, Ankole.

Marahaba. Sisi wazima. Ramadhani imekwisha, Idd tumesali. Nilichelewa kujibu kwa sababu nilitaka tuile Idd hii pamoja, mimi na yeye, na nimeila.

Barua yako nilipoimaliza nilitoka nje nikamwita Zamoyoni, maana bahati alikuwepo. Nikamwambia, "Mwaga." Hakuuliza. Alibeba gunia moja moja akamwaga barabarani mbele ya nyumba, pale gari hukwama masika. Sasa mtaa wetu una kipande cha barabara cheusi, kigumu, hakikamati tope, na watu wanasifu. Wale wale walionichosha na picha yako wananiambia, Mama Mwaisha, umefanya jambo. Nacheka nao. Nifanyeje?

Kwa Makoye siendi. Neno nililisema mimi mwenyewe mbele ya ng'wanangwa na sitalitangua mbele ya Mbuke na bangili zake. Zamoyoni anaosha kwa Makoye kwa ujira. Anasema Makoye hajawahi kumcheka hata siku moja, na hilo ndilo linalonikata maini zaidi.

Sasa wewe. Nilisoma kote, sumaku, chumba, viatu, nikasema vizuri, tumekuwa sawa, sote hatuna kitu. Usiku ule ningelala. Lakini ukaja ukaniandikia "nimekusamehe". Eti unafuta! Eti sidai! Tabu, mdogo wangu, wewe ni mtu gani? Umenishinda kwa bati ambalo hata si lako, na sasa unataka kunishinda kwa roho nzuri pia? Nikae na huyu mtoto kila siku nikijua nakaa naye kwa ukarimu wako? Kila nikimsuka nywele nikumbuke kwamba mdogo wangu kaniachia? Hapana, kwa kweli hapana. Picha nilivumilia. Hilo siliwezi. Bora nikukasirikie kwa kunichukulia kuliko nikushukuru kwa kuniachia.

Tuliwekeana, na nimeshindwa. Mizigo nimeifunga mimi mwenyewe kama nilivyosema.

Atasafiri na Mageni, safari hii ana mkewe, mtoto atalala pembeni ya mkewe mpaka Bukoba. Kutoka Bukoba Akida aje ampokee, asitume mtu. Chumba kimoja kinatosha, sisi kwa baba tulilala vipi? Akiuliza kilima chenu kiko wapi, mwonyeshe kilima, umwambie baba yake ndiye anayekipima. Hiyo si aibu.

Bamia hali, usimlazimishe. Akilala anashika pindo la kanga yako, usimtoe vidole, ataamka. Nywele zake ukizilowesha kwanza hazimuumi. Akikohoa unajua dawa. Akisema hana njaa usimwamini, anasema hivyo akiona chakula ni kidogo. Jino limeota, limekaa upande kidogo, na hazibi tena mdomo.

Nilimwambia anakwenda kwa mama yake. Akaniuliza, "Na wewe utaitwa nani?" Nilimwambia hapa mjini wameshazoea, hawatabadilisha, wataendelea kuniita hivyo hivyo. Na wewe ukisikia usiwakatalie, Tabu. Wewe utakuwa naye mwenyewe, mimi niachie hilo jina la barabarani.

Niandikie habari zake zote, ndogo ndogo, mwalimu alisemaje, amerefuka kiasi gani, amecheka nini. Zote nitazisoma, hata zinazouma.

Ila siku atakayokuita mama kwa mara ya kwanza, hiyo usiniandikie.

Dada yako,
Mwasiti